Aliyehitimu Kabla ya Mtihani

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, shule za sekondari za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hufanya mahafali ya kidato cha nne. Turubai hufungwa uwanjani, mgeni rasmi huketishwa meza kuu, risala husomwa, vyeti hugawiwa, kina mama hupiga vigelegele. Mtihani wa taifa bado. Huo ni wa Novemba. Na kila mwaka hutokea mpenzi wa lugha akauliza: hawa wanaitwaje wahitimu ilhali mtihani hawajaufanya? Wengine hujaribu kurekebisha kwa kusema "wahitimu watarajiwa", na siku hizi maneno hayo yameingia hata kwenye mabango ya mahafali. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, nami naipinga kwa moyo wote. Neno limekaa mahali pake, na sababu yake ni ya zamani kuliko Baraza la Mitihani.

Kuhitimu ni neno la asili ya Kiarabu, la mzizi wenye maana ya kufunga jambo, kulitia muhuri, kulifikisha mwisho. Kwenye mzizi huohuo tumepata hatima, na hitima pia, kile kisomo cha kumrehemu marehemu. Pwani, kabla serikali haijajenga shule, aliyehitimu alikuwa mtoto wa chuoni aliyeisoma Kurani yote, juzuu 30, mbele ya mwalimu wake. Hapakuwa na msahihishaji aliyekaa mji wa mbali asiyemjua mtoto kwa sura. Mwalimu alimsikiliza mwenyewe asubuhi na jioni, akamrudisha alipoteleza, na siku ilipofika akatamka kwamba huyu amehitimu. Wazazi wakapika, majirani wakaja kula. Kauli ya mwalimu ndiyo iliyokuwa cheti.

Neno hilo lilipanda bara pamoja na misafara hadi Ujiji, mji wa Waswahili kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwezi Novemba 1871. Kutoka ziwani hadi Kasulu ni kupanda tena, na huko juu neno likakuta watu wengine kabisa: Waha wenye lugha yao na wami (wafalme) wao, kisha misheni ya Kikatoliki ya Kabanga, kisha Waanglikana ambao tangu 1966 makao ya dayosisi yao ya Tanganyika Magharibi yako Kasulu mjini. Wote walilipokea bila kuuliza lilikotoka. Mtoto wa Kabanga aliyebatizwa na paroko alihitimu kwa neno la madrasa, na hakuna aliyeona tatizo. Hata chuo, ambacho pwani kilikuwa baraza la mwalimu mmoja na watoto wachache waliokaa jamvini, huku kikawa Chuo cha Ualimu Kabanga na Chuo cha Ualimu Kasulu. Wilaya moja ya mpakani, vyuo viwili vya kutengeneza walimu. Jambo hilo nitalirudia.

Mahafali nayo ni ya Kiarabu, na kwa asili yake ni mkusanyiko tu, watu waliokutana kwa jambo la heshima. Haisemi lolote juu ya kufaulu. Anayelalamika kwamba mahafali yametangulia mtihani analidai neno deni ambalo halikukopa.

Kidato ndicho ninachokipenda zaidi katika maneno yote ya sekondari. Kamusi za zamani zinakieleza kuwa ni pengo linalochongwa kwenye shina la mti, hasa mnazi, ili mkwezi apate pa kukanyaga. Nyanda za juu za Buha, nchi ya Waha, hazina minazi. Mti wa Kigoma ni mchikichi, nao umejaa zaidi kule chini kuelekea ziwani. Juu huku ni migomba, kahawa, muhogo na maharage. Kwa hiyo vijana wa Kibondo walipewa neno la ukwezi wa mti wasioujua, na wakalipanda vilevile. Shule ya msingi ina darasa, na darasa ni somo, ni chumba, ni mahali pa kukaa. Kidato hakikaliwi. Ni pa mguu mmoja wakati mguu mwingine unatafuta kinachofuata. Mitaani watu husema fomu wani na fomu foo, na sina ugomvi nao, lakini fomu haimwambii mtoto kwamba yuko juu ya mti.

Na miti hiyo ilikuwa michache. Nazungumzia miaka ya 1970 na 1980, wakati sekondari katika mkoa wa Kigoma zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imetangazwa, madarasa ya kwanza yamefurika, lakini njia ya kuendelea mbele ilikuwa nyembamba. Katika watoto mia waliomaliza darasa la saba nchini, hata kumi hawakupata nafasi ya sekondari, na nafasi zenyewe ziligawanywa kwa mgao wa mikoa. Ndipo lugha ikatenganisha vitu viwili ambavyo leo tunavichanganya: kufaulu na kuchaguliwa. Mtoto angeweza kufaulu asichaguliwe. Kijijini hawakuuliza kama fulani amefaulu. Waliuliza, "Amechaguliwa?" Kufaulu kulikuwa kwake mwenyewe, kuchaguliwa kulifanywa na wengine, na kijiji kizima kilijua tofauti hiyo hata kwa namna sauti ilivyoshuka mwishoni mwa swali.

Aliyechaguliwa alitafutiwa tranka. Wenye kuzijua hawahitaji maelezo, lakini vijana wa leo wenye mabegi ya magurudumu nawaelezea: sanduku la bati lililopakwa rangi, lenye pete mbili za kupitishia kufuli na mshikio wa chuma kila upande, ambao ukilibeba mbali unakata viganja. Juu ya mfuniko fundi aliandika jina kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, na chini yake jina la shule na S.L.P. yake. Herufi hizo tatu ni Sanduku la Posta, kwa hiyo sanduku lilibeba sanduku mgongoni. Waliopangiwa mbali, Tabora au kwingineko, walipewa waranti ya kusafiria, wakashuka hadi stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli iliyofika ziwani mwaka 1914, wakapanda behewa. Kwa mtoto wa Kibondo, safari ya kulifikia treni tu ilikuwa siku nzima ya vumbi, au matope, kutegemea mwezi.

Bweni na likizo nazipitia haraka. Bweni ni nyumba ya vijana wasiooa au mabinti wasioolewa. Sekondari ikaichukua bila kuibadilisha. Likizo inatokana na kulikiza, kuruhusu mtu aondoke, na kulikiza mtoto ni kumwachisha ziwa. Siku ya kufunga muhula, malori yakisubiri getini, sijui kama kuna aliyelifikiria hilo, lakini wazazi waliorudishiwa mtoto aliyekuwa amerefuka na kuanza kujibu kwa mkato walilielewa bila kamusi.

Nije kwenye namba, kwa sababu hapa ndipo Buha ina historia yake yenyewe, na ndipo ugomvi wangu na "wahitimu watarajiwa" ulipo.

Wakati wa mkoloni, Kigoma iligeuzwa kuwa mkoa wa kutoa nguvu kazi. Haikupewa mashamba makubwa wala viwanda. Ilipewa mawakala wa kuajiri. Wanaume wa Kasulu na Kibondo walikusanywa, wakapimwa, wakasafirishwa kwa treni hadi mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga, kila mmoja na namba yake. Waliitwa manamba. Tazama neno lilivyoundwa: namba imepewa kiambishi cha wingi, watu wakawa wingi wa namba. Huko Korogwe na Muheza msimamizi hakuhitaji kujua kwamba huyu ni mwana wa nani wa Heru au wa Muhambwe. Alihitaji namba, na kazi iliyokatwa. Baadhi ya hao walirudi na baiskeli na nguo. Wengine walilowea hukohuko, na wajukuu zao leo ni watu wa Tanga wenye majina ya Kiha.

Watoto wa manamba, na wajukuu wao, ndio walioingia sekondari. Asubuhi mstarini kiranja alitoa amri: "Hesabu namba!" Wakahesabu, moja, mbili, tatu, kila mmoja akigeuza shingo kumpa mwenzake. Kisha mwaka wa nne wakapewa namba ya mtihani. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya 1973, baada ya nchi kujitoa kwenye mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki, ambayo nayo ilikuwa imerithi kiti cha Cambridge. Lilikuwa jambo la fahari, na bado ni la fahari, kwamba karatasi za watoto wetu zinatungwa na kusahihishwa nyumbani. Namba ina haki yake: msahihishaji asiyejua jina hawezi kumpendelea mpwa wake wala kumwonea mtoto wa kabila fulani. Haki hiyo siibezi. Lakini matokeo yalipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, karatasi ndefu iliyochapwa kwa taipureta, mtoto alianza kwa kutafuta namba, akaweka kidole, akakiburuza kulia hadi kwenye daraja: la kwanza, la pili, la tatu, la nne, ziro. Babu aliyewahi kuhesabiwa kwenye mistari ya mkonge angeielewa karatasi ile bila kujua kusoma.

Mahafali yalikuwa yamekwisha fanyika miezi kadhaa nyuma. Pale mwanafunzi aliitwa kwa majina matatu, lake, la baba na la babu, akapita katikati ya watu, akashikwa mkono na mgeni rasmi. Nani alisema amehitimu? Shule. Walimu waliomwona kwa miaka minne akifyeka, akiugua malaria, akikesha na kibatari, akirudi mwezi wa tatu badala ya wa kwanza kwa kuwa ada ilichelewa. Hao ndio warithi wa mwalimu wa chuoni, yule aliyesikiliza juzuu 30. Kauli yao inatoka kabla ya kauli ya Baraza kwa sababu inashuhudia kitu kingine: kwamba huyu amefika mwisho wa njia aliyopewa. Baraza litasema ameshika kiasi gani. Ukimwita "mhitimu mtarajiwa" umewanyang'anya walimu neno lao na kulikabidhi kwa karatasi ya matokeo ya Januari.

Walimu wenyewe lugha haijawatendea haki sawasawa. Neno mwalimu lina heshima kubwa nchini, kiasi kwamba mtu mmoja tu, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuongoza nchi, alilibeba mpaka likawa jina lake. Lakini kila enzi imewapa walimu wake jina la pembeni. Vijana wa darasa la saba waliofundishwa ualimu huku wakifanya kazi vijijini, ili elimu ya msingi kwa wote iwezekane ifikapo 1977, waliitwa walimu wa UPE, kwa herufi za Kiingereza za mpango huo, na wengi walilitamka kwa kubetua midomo. Miaka ya 2000, shule za kata zilipojengwa kwa kasi na vijana wa kidato cha sita wakapelekwa darasani baada ya mafunzo ya wiki chache, wakaitwa voda fasta, kwa jina la vocha za simu. Majina hayo yaliwauma watu walioitikia wito wakati hapakuwa na mwingine wa kuitikia. Mwanafunzi wa Kibondo aliyefika sekondari mwaka 1983 alifikishwa pale na nani kama si mwalimu wa UPE, mwenye chaki ya kuvunja vipande vitatu na wanafunzi waliobanana mpaka kwenye sakafu? Kabanga na Kasulu viliwatoa walimu wakaenda nchi nzima, na wengi waliobaki wilayani walifundisha watoto wa watoto. Kama kuna istilahi ninazotaka zife, ni hizo mbili.

Mkuu wa shule ni wa sekondari, mwalimu mkuu ni wa msingi; anayezichanganya husahihishwa papo hapo. Kati ya vyeo vyote lakini, kilichobeba shule ni kidogo kabisa: mwalimu wa zamu. Alikuwa na wiki yake, na daftari gumu la jalada jeusi lililoitwa kitabu cha zamu. Humo aliandika idadi ya waliopo mstarini, wagonjwa, chakula kilichopikwa, hali ya hewa, vipindi visivyofundishwa na sababu yake, na safu ya mwisho ya matukio. Safu hiyo ni fasihi. Mistari miwili mitatu kwa wino wa buluu: maji hayakutoka, wavulana wamekwenda mtoni, ugali wa muhogo na maharage, kuni zimekwisha, mvua imeezua paa la bweni. Neno zamu lenyewe lina kukesha ndani yake, la mlinzi anayempokea mwenzake. Wanafunzi waliondoka kila baada ya miaka minne. Kitabu cha zamu kilibadilisha mwandiko tu.

Siku ya mahafali walimu walinyamaza na wanafunzi wakasema. Risala ni waraka, ujumbe unaopelekwa, na risala ya wahitimu ilikuwa na umbo lake ambalo aliyelisikia hawezi kulisahau. Ilianza kwa "Ndugu mgeni rasmi". Ndugu, si mheshimiwa. Mheshimiwa alikuja kushamiri baadaye, vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na hata kabla kidogo. Kisha historia fupi ya shule, idadi walipoanza na idadi waliobaki, wavulana kwa wasichana, na hapo ukumbi ulitulia, kwa kuwa tofauti ya namba hizo mbili ilikuwa na sura za watu: waliokosa ada, walioozwa, waliofariki. Kisha mafanikio, kisha matatizo: upungufu wa walimu wa hisabati na sayansi, maji, vitabu, maabara isiyo na vifaa. Ngonjera ikafuata, ule mtindo wa kujibizana kwa mashairi ambao Mathias Mnyampala aliueneza baada ya Azimio la Arusha. Tatizo la walimu wa sayansi limo kwenye risala za leo bila kubadilika neno. Natamani mtu azikusanye risala za Kasulu na Kibondo za miaka hamsini. Zingetupa historia ya elimu iliyoandikwa na waliokaa kwenye madawati yake.

Risala ilisomwa kwa Kiswahili, ingawa miaka minne yote walifundishwa, kwa amri, kwa Kiingereza. Hiyo ni hesabu nzito kwa mtoto wa Buha: Kiha nyumbani, Kiswahili kuanzia darasa la kwanza, na ghafla fomu wani kila kitu kinageuka. Alikuwa amejifunza usanisinuru, neno lililoundwa vizuri kiasi kwamba mtoto anaweza kulifungua mwenyewe na kukuta nuru ndani, naye akaambiwa aliache mlangoni. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Kazi ya istilahi haikusimama hata hivyo; mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, maneno yamepangwa tayari kwa darasa ambalo halikuwahi kuyafungulia mlango. Na mwalimu mwema, kule Kasulu, alifanya alichofanya kila mwalimu mwema: aliandika ubaoni kwa Kiingereza, akafunga mlango, akaeleza kwa Kiswahili, na alipoona macho bado hayajawaka akatupia sentensi ya Kiha. Katika Kiha na Kirundi, kujifunza ni kwiga. Kiswahili kimebaki na kuiga, kufuatisha. Ni mzizi mmoja. Mwalimu yule alitaka wanafunzi warudi kwenye maana ya upande wao.

Kisha wakatawanyika. Wachache sana walichaguliwa kidato cha tano, na majina yao yakatafutwa kwenye magazeti yaliyofika na treni yakiwa ya zamani tayari. Wengine waliingia chuo cha ualimu palepale Kabanga na kugeuka upande wa meza. Wengine walirudi kwenye kahawa na maharage. Na walioshindwa lakini hawakukubali walirisiti, yaani walirudia mtihani. Kwa lugha rasmi waliitwa watahiniwa wa kujitegemea, na namba zao zilianza kwa herufi P badala ya S. Kujitegemea. Tangu Azimio la Arusha la 1967 neno hilo lilikuwa somo, lilikuwa jembe na shamba la shule, lilikuwa taifa zima likifanya jambo pamoja. Kwa mtahiniwa wa P lilimaanisha kulipa ada ya mtihani mwenyewe, kusoma peke yake usiku baada ya kulima, na kuingia chumba cha mtihani bila sare. Sijui neno lingine la Kiswahili lililosafiri mbali hivyo katika maisha ya mtu mmoja.

Baadaye nyanda hizihizi zikapokea wahitimu wa namna nyingine. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Burundi Oktoba 1993, kambi za wakimbizi zikafunguka Kibondo na Kasulu, na kambi ya Nyarugusu ikawapokea Wakongo kuanzia miaka ya 1996 na 1997. Wakimbizi walianzisha shule, walimu wakiwa wakimbizi wenzao, wakafuata mitaala ya kwao. Mkongo wa mwaka wa mwisho anaitwa finalisti, naye anasubiri egzeta, mtihani wa dola ambayo haimwoni. Mwendo mfupi kutoka hapo, nje ya kambi, mwenzake wa umri huohuo ni mhitimu wa kidato cha nne. Walimu wa pande zote mbili wanaitwa mwalimu.

Ukikutana leo na mtu wa makamo kutoka Kasulu au Kibondo, hatakuambia alihitimu. Atasema, "Nilimaliza themanini na tatu." Kumaliza ni neno la kazi, la aliyefika mwisho wa tuta. Akiwa na mwenzake wa shule, atauliza nani alimaliza naye, nani alimtangulia, nani alimwacha nyuma, kwa sababu kundi la mwaka mmoja kwetu linasemwa kwa vitenzi. Daraja hataji, namba ya mtihani ameisahau. Swali linalofuata daima ni lilelile, na jibu lake hulijua hata aliyepata ziro: hisabati aliwafundisha nani?